Mwezi Niliosema Nina Malaria

Ninyi mabinti mnaotoka chuoni, gauni zenu nyeupe bado zina mikunjo ya dukani, hebu kaeni niwaambie habari ya kutapika. Najua mmesoma. Mmeandikiwa ubaoni kwamba mama mjamzito husumbuka miezi mitatu ya kwanza, ale kidogo kidogo, itaisha yenyewe. Vizuri. Na mimi niliandikiwa hivyo hivyo, nikafaulu mtihani, nikapanda lori kutoka kwetu Singida nikaja huku kusini nikijiona najua kila kitu. Nimekuwa mkunga Masasi na Newala mpaka nywele zikawa hizi mnazoziona, lakini kichefuchefu cha mimba nilikifahamu mwezi mmoja tu, siku kilipokuwa cha kwangu.

Kwanza mjue hakianzii tumboni. Watu wanasema tumbo limechafuka, si kweli. Kinaanzia nyuma ya ulimi. Unaamka, hujafungua hata macho, mdomo umeshajaa mate mepesi yenye chumvi, unameza, yanajaa tena, unameza, yanajaa. Ukitulia hivyo hivyo chali unaweza kujidanganya kwamba leo ni nafuu. Ukigeuza shingo tu, basi. Ni kama umekaa nyuma ya lori barabara ya vumbi, lori linayumba, nawe unamwomba dereva asimame, na lori lenyewe halifiki kokote. Kutapika hakukupi nafuu kama unapokuwa umekula kitu kibaya. Unatapika chakula, unatapika maji, unatapika nyongo ya manjano mpaka machozi yanatoka, unanyanyua kichwa, na mate yako palepale yanakusubiri.

Halafu harufu. Jamani, harufu! Mimi nilikuwa nachemsha sindano kila asubuhi kwenye jiko la mafuta ya taa, miaka na miaka, sikuwahi kusikia kama lile jiko linanuka. Mwezi ule nililisikia nikiwa bado kwenye njia ya zahanati. Msimu wa korosho watu wakichoma maganda, moshi wake unakaba hata mtu mzima asiye na kitu. Mimi ulikuwa unanikamata kooni nikiwa ndani na madirisha yamefungwa. Sabuni ya mche ilininukia, kanga zangu mwenyewe zilininukia. Mchana mmoja nilijikuta nyuma ya zahanati nabandua udongo ukutani na kuutia mdomoni. Udongo wa ukuta! Mimi niliyekuwa nasimama mbele ya akina mama kila Jumanne nikiwagombeza, "Acheni kula udongo wa kichuguu, mtapata minyoo." Nilikula kipande kama kidole hiki, kikavu, kina harufu ya mvua, na dakika tano zile nilikuwa binadamu tena.

Lakini nimetangulia mbele. Turudi nyuma kidogo.

Aliyenifundisha ukunga alikuwa mama mmoja mfupi, mkali, anatembea kama anakwenda kukamata mwizi. Huyo alikuwa na swali moja alilotupigia kelele mpaka tukaliota. "Msimwulize anatapika mara ngapi," alikuwa akisema, "atawadanganya, au hajui. Mwulizeni mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini." Hilo shikeni hata kama mtasahau mengine yote. Anayetapika na bado anakojoa vizuri, mpeni moyo na arudi nyumbani. Asiyekojoa tangu jana, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, ulimi mkavu, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, huyo msimpe maneno, mpelekeni hospitali. Mimi swali hilo nililisahau siku niliyolihitaji, ndiyo maana nawapigia kelele na ninyi.

Nililetwa kwenye zahanati moja ndogo juu ya uwanda, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka Kitangari. Ilikuwa miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, nyingine bado hazijaezekwa. Ng'ambo ya mto Ruvuma Mreno alikuwa bado anapigana na wenye nchi yao, na ndege zake zilikuwa zinapita upande wetu anavyotaka yeye. Mume wangu Daudi alikuwa mwanajeshi, yuko huko mtoni. Wapi hasa, sikuruhusiwa kujua. Mganga msaidizi alipelekwa kozi Mtwara akaniachia funguo, kwa hiyo zahanati nzima ilikuwa mimi, mzani, kabati la dawa na panya.

Nilikuwa mpweke, nisiwafiche. Siyo kwamba watu walikuwa wabaya. Walinisalimia, waliniletea ming'oko, vile viazi vya porini, na mabibo, walinichekea. Ila salamu zikiisha wanarudi kwenye Kimakonde chao, nami nabaki natabasamu kama mtoto aliyeachwa kwenye ugeni. Na kule, kama mjuavyo, mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Mama Zainabu, Mama Hamisi, Mama Agnesi. Mimi nilikuwa na miaka sita ya ndoa, nimepokea watoto wa wenzangu sijui wangapi, na jina langu lilikuwa Nesi.

Makosa niliyafanya mengi, na mengine ya kuchekesha. Ubaoni tulifundishwa kwamba mama mwenye kichefuchefu ale biskuti kavu kabla hajainuka kitandani. Nami nikalitangaza hilo siku ya kliniki kwa sauti kubwa. Wiki iliyofuata akaja mzee mmoja na baiskeli, jasho linamtiririka, amefika mpaka Chiungutwa kutafuta biskuti za mke wake. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti na sabuni, na hivyo vyote siku zikiwa nzuri. "Nesi," ananiambia, "hiyo biskuti ni dawa ya kuandikiwa, au niipande shambani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku ile nikawa nasema muhogo wa kuchoma. Lala nao karibu, asubuhi utafune kipande kabla ya kukaa, halafu usubiri.

Na hilo nalo likaniletea mama mmoja mwenye hasira. Alikuja ameshika kiuno. "Wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu kula amelala? Mimi nimeamka alfajiri nimeteremka bondeni kufuata maji, nimepanda na ndoo kichwani, nakuta mtu mzima anatafuna muhogo chali! Kaambiwa na serikali?" Nikamwambia ndiyo, kaambiwa na serikali. Akaondoka, lakini sidhani kama aliisamehe serikali.

Mmesikia hapo habari ya maji. Uwanda ule juu hauna mto wala kisima. Bomba lilikuwepo, na mashine ikifa lilikuwa chuma tu. Wanawake waliteremka mabondeni, wengine saa mbili kwenda, kurudi zaidi. Sasa mimi namwambia mtu, "Mama, kunywa maji mengi." Ananiitikia kwa adabu, "Haya, Nesi," na moyoni anajua maji mengi ni safari mbili. Nilichelewa kujifunza kusema: kijiko. Vijiko viwili, subiri, vijiko viwili tena, na chembe ya chumvi na sukari ukiipata. Hata aliye na kikombe kimoja cha maji anaweza kuanza hapo.

Sasa niingie kwenye lenyewe.

Alikuja binti mmoja, Zuhura, wa miaka kama kumi na tisa hivi, mume wake kaenda kulima mkonge kaskazini. Amepungua, midomo imekauka, anatapika. Nikamwuliza mbele ya foleni, kwa sauti ile ya kinesi, "Una mimba?" Akaangalia chini. "Sina." Nikamwuliza tena. "Sina, Nesi." Basi. Mwili una joto kidogo, anatapika, yuko Newala, itakuwa nini tena? Nikaandika malaria. Nikampa klorokwini. Zile tembe chungu zilimtoka hata hajafika barabarani. Siku nne baadaye karudi, nimemwuliza tena, kasema tena hana, nami nikapandwa na wazimu: nikampa nyingine na nikamgombeza kwamba hamezi dawa. Mkojo wake sikuuliza.

Na siku hizo hizo, nilipokuwa namgombeza Zuhura, mimi mwenyewe nilikuwa nameza mate. Nilishahesabu. Nilijua. Nilikuwa nimeingia mwezi wa pili, tangu likizo iliyopita ya Daudi.

Mnaniuliza kwa nini sikumwambia mtu. Nimwambie nani? Mama yangu yuko Singida, barua inachukua mwezi. Wanawake wa pale niliwaona wageni, nami kwao mgeni. Tena nilikuwa nimeweka nadhiri ya kijinga: miaka sita tumesubiri, mtu wa kwanza kusikia awe Daudi, na asikie kwa mdomo wangu, siyo kwenye karatasi ambayo afande fulani ataifungua kwanza. Alikuwa ameniletea salamu kwa dereva mmoja wa lori la jeshi kwamba mwisho wa mwezi atapewa likizo. Nikawa nafanya mazoezi, ndiyo, mazoezi, nafagia chumba huku nasema, "Daudi, kaa kwanza." Mwisho wa mwezi ukafika, dereva akaja peke yake. Likizo zimezuiwa. Mtoni kuna moto.

Asubuhi zile, jamani. Nimesema nitawaambia ukweli. Kutapika peke yako ni tofauti na kutapika mbele ya mtu. Mwenye mtu, hata akishika tu bega lako, hata akisema tu "pole", anakuonyesha kwamba yanayotokea yanatokea kweli. Mimi nilikuwa napiga magoti nyuma ya nyumba ya serikali, nashika ukuta, nafukia kwa jembe, naosha uso kwa maji ya kikombe kimoja, navaa gauni, nakwenda kuwaambia wenzangu kwamba mimba si ugonjwa. Nilikuwa nalia saa nyingine. Silii kwa maumivu, kwa sababu maumivu hayapo. Nalia kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba nina kitu.

Mchana mmoja, foleni imekwisha, akaingia bibi mmoja, mwembamba, ana ndonya, kile kipande cha mti, imetoboa mdomo wa juu kama wazee wa pale wa zamani. Nilikuwa namwona tu. Anaitwa Bibi Esha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Akakaa kwenye benchi. Akaulizia mvua ya kwetu, akaulizia ng'ombe wa kwetu, akaulizia mume. Nami namwangalia, nasema huyu kaja na magoti au mgongo. Kumbe.

"Nimekuja kumsemea Zuhura," akasema.

"Zuhura ana malaria, bibi. Hamezi dawa."

"Zuhura hayuko peke yake."

Nikaruka. "Ana mimba? Mbona nilimwuliza! Nilimwuliza mara mbili, anasema hana!"

Bibi akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu upande. "Ulimwuliza yeye," akasema. "Yeye angesemaje? Na mimi niko wapi?"

Ndipo akanieleza, polepole, na wala hakunikasirikia. Binti akichezwa unyago ana somo wake, mwanamke aliyemfunda. Bibi Esha ndiye somo wa Zuhura. Mimba ya kwanza, binti hamtamkii mtu kwa mdomo wake. Anamwambia somo, tena hata si kwa maneno. Somo ndiye anayekwenda kumsemea, kwa mama, kwa mjomba, kwa mume. Akijisemea mwenyewe anaonekana hana mtu. Bibi alikuwa amekwenda Mkunya kuuguza ndugu yake wiki tatu, na Zuhura wiki tatu zote alikuwa anatapika na kumsubiri somo wake arudi, huku mimi namnywesha klorokwini.

"Anakojoa?" nikauliza. Hatimaye.

"Tangu jana asubuhi, hapana."

Sijawahi kukimbia vile. Tulimkuta amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, ukimfinya ngozi inabaki juu. Wanaume wakambeba kwenye machela mpaka barabara kuu, tukapata lori la korosho, akalazwa juu ya magunia, nami nimekaa kichwani kwake nikimtilia maji kwa kijiko, na kila lori likiyumba tunatapika wote wawili, yeye upande huu na mimi upande ule. Utingo akasema, "Nesi naye gari linamchukua." Nikamwambia ndiyo, gari. Hospitali ya wilaya walimtundikia dripu. Alipona. Mwanawe nilimpokea mimi kwa mikono hii, msichana, alilia hata hajamaliza kutoka. Ila wiki ile angekufa, na angekuwa amekufa kwa adabu yake na kwa ujuaji wangu.

Tuliporudi, Bibi Esha alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu. Palepale mate yakajaa, nikakimbilia nyuma ya nyumba. Nilipogeuka nikamkuta amesimama, mikono mgongoni.

"Na wewe," akasema, "nani anakusemea?"

Nilikuwa nimeinama, nimeshika ukuta. Ilikuwa rahisi tu. Neno moja. Nikanyanyuka nikajifuta mdomo. "Mimi nina malaria, bibi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Haya. Hiyo malaria yako ikitaka mtu, mimi niko nyumba ya tatu."

Hakuuliza tena. Lakini nadhani kijiji kizima kilijua. Kulikuwa na mahandaki nyuma ya zahanati, tulichimba kwa ajili ya ndege. Siku moja ndege ikasikika, tukaingia, wanawake ishirini na watoto wao, tumebanana, jasho, mikojo ya watoto, mtu mmoja ana samaki mkavu kwenye kanga yake. Yule samaki! Nilitapika humohumo, kwenye kona. Wakanipisha, mmoja akanishika paji la uso, mwingine akacheka, "Nesi anaogopa ndege." Nikasema ndiyo, naogopa. Wote wakacheka kwa upole, na Bibi Esha akaangalia pembeni. Nikiwaza leo, ule mkono uliokuwa kwenye paji la uso ulikuwa mkono wa mtu anayejua. Walikuwa wanasubiri tu nimtume mtu aseme.

Dereva akaja mara ya pili, likizo bado. Mara ya tatu, bado.

Halafu asubuhi moja niliamka nataka chai.

Nilikaa kitandani nikaogopa kusogea. Nikageuza shingo. Hakuna kitu. Nikameza, mate ya kawaida. Nikatoka nje, watu wanachoma maganda ya korosho, moshi ule, nami navuta tu hewa. Mabinti, nilifurahi kama mjinga. Niliwasha jiko la mafuta ya taa nikakaa karibu nalo kwa makusudi. Nilinunua samaki mkavu, nikampika na tui, nikala peke yangu nikiimba. Nikasema, miezi mitatu inatimia, kama walivyoniandikia ubaoni.

Msinielewe vibaya. Mara nyingi kichefuchefu kikikoma ni heri tu, tena wengine hawasumbuki kabisa na wanazaa vizuri. Msiende kuwatisha watu. Lakini kikikoma kwa siku moja kama mtu aliyezima taa, kabla ya wakati wake, mnapaswa kumwuliza mama mengine, na mimi mwenyewe sikuwa na wa kuniuliza.

Siku ya tatu ilikuwa Jumanne, siku ya kliniki. Mzani unaning'inia kwenye boriti, watoto kwenye mfuko wake wanalia, mimi naandika kadi. Kiuno kikaanza. Nikasema nimekaa vibaya. Nikaandika kadi mbili tatu. Kikarudi, safari hii kwa mbele, chini, nami nikajua, kwa sababu nimekaa na wangapi wenye maumivu hayo hayo. Nikamaliza kumpima mtoto aliyekuwa kwenye mzani. Nikamrudisha kwa mama yake, nikasema kliniki imefungwa, mrudi kesho. Hakuna aliyenung'unika. Nikatembea kwenda nyumbani nimebana miguu, na Bibi Esha alikuwa ananifuata nyuma hatua kumi.

Alinifanyia yote. Alichemsha maji, na najua maji yale alikwenda kuyatoa kwenye mtungi wake mwenyewe kwa kuwa wangu ulikuwa mtupu. Alinikalisha, akanisafisha, akanibadilishia kanga, akachukua kile kilichotoka akaenda nacho, sikumwuliza wapi, mpaka leo sijui. Hakusema neno la kunilaumu. Ni mimi niliyeanza kusema, samaki, lori, ndoo, jembe la kufukia, nikivitaja vyote kimoja kimoja kutafuta kilichoniponza. Akaniwekea mkono mdomoni. Sasa ninajua kitaalamu kwamba havikuwa na kosa, hata kimoja. Lakini samaki mkavu sikumla tena kwa miaka mingi.

Jioni akaniuliza, "Niwaambie wenzako waje wakupe pole?"

Ndipo nikaelewa nilichojifanyia. Watu watakuja kutoa pole ya nini? Malaria? Mimba haikutangazwa, na isiyotangazwa haina msiba. Ilikuwa lazima bibi aanze mwanzo, aseme kilikuwepo, ndipo aseme hakipo. Nikasema hapana. Nikasema Daudi awe wa kwanza.

Kesho yake nikafungua zahanati. Nikapima watoto. Mate yalikuwa makavu mdomoni, na ndilo lililonitesa kuliko damu: nilikuwa naamka nasubiri kichefuchefu. Ndiyo, nilikitamani. Nilikuwa nageuza shingo makusudi kwenye mto nione kama kitakuja.

Daudi alipata likizo wiki tatu baadaye. Alifika adhuhuri na lori la jeshi, amekonda, buti nyekundu kwa udongo, anacheka, kanibeba juu mbele ya watu kama gunia. Alikuwa ameona mambo huko mtoni, niliyaona machoni mwake. Alikaa kitini akavua buti moja, akasahau kuvua ya pili. Nami nimesimama mbele yake, naiambia nafsi yangu, sema sasa. "Daudi, kaa kwanza." Ameshakaa.

Bibi Esha akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa kanga mpya, zile za kwendea shughuli, na nilifahamu kwa nini amezivaa. Amekuja kunisemea. Akapokea shikamoo ya Daudi, akamwulizia safari, kisha akaniangalia mimi. Anaomba ruhusa tu. Nikaangalia ile buti moja mguuni, na yule mtu aliyekuwa na siku saba tu za kupumzika. Nikamtikisia kichwa, hapana.

Bibi akafunga vizuri kanga yake, akatuaga, akaenda zake.

"Yule bibi alikuwa anataka nini?" Daudi akauliza.

"Amekuja kukusalimia tu."

Sikupata mimba nyingine. Daudi alirudi mtoni, vita ikaisha, akaishi nami hapa Masasi miaka mingi, mtu mwema, mpaka nikamzika. Na hilo la salamu ndilo jibu alilokwenda nalo kaburini.